Meli inayopanda ufuo kwa makusudi

Swali: Shikamoo mzee. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, na mpaka anafariki hakuacha kutusimulia walivyoshuka Bukini, yaani Madagaska, wakati wa vita vya Hitler. Alisema kulikuwa na meli iliyopanda mchangani ikafungua uso wake, magari yakatoka. Mimi ni mvuvi hapa Likoni, na kwetu chombo kupwelewa ni hasara tupu. Meli nzima ya chuma inapandaje ufuo kwa makusudi, kisha ikatoka tena? Babu alisema kweli? Na je, meli kama hiyo ingeweza kutua hapa kwetu, tuseme Nyali au Diani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimezeekea vyumba vya mashine vya meli, kwa hivyo utanisamehe nikianza na lile la ufundi. La babu linafuata, na ufuo wetu nitaumalizia.

Kwanza ondoa dhana kwamba meli ile inakwama. Mashua yako ikipwelewa, inagusa chini mahali usipopataka, saa usiyoichagua, nayo inalalia mkuku wake, ule mti wa chini kabisa, na kuinama upande. Meli ya kutua inagusa chini kwa hesabu iliyopigwa kabla haijang'oa nanga. Haina mkuku wa kuchomoza, tumbo lake ni bapa. Tena haikai sawa juu ya maji. Omo, yaani mbele, iko juu na tezi, yaani nyuma, iko chini, makusudi, ili tumbo lifuate mteremko wa ufuo wenyewe.

Chukua iliyo maarufu kuliko zote, ile Wamarekani waliyoipa herufi LST, meli ya kuteremsha vifaru. Zilijengwa zaidi ya 1,000 kati ya 1942 na 1945. Urefu wake ulikuwa mita 100 hivi na upana mita 15. Ikiwa tayari kutua, omo ilizama mita 1 na kidogo, tezi karibu mita 3. Gawanya mwenyewe: tofauti ya karibu mita 2 kwa urefu wa mita 100 ni mteremko wa 1 kwa 50, na huo ndio mteremko wa ufuo ambao wachoraji waliuchukua kuwa kipimo. Tumbo likagusa mchanga karibu lote kwa pamoja, uzito ukatawanyika, na meli haikuvunjika kiuno.

Lakini meli isiyozama zaidi ya hapo haiwezi kuvuka bahari kuu. Itarushwa na mawimbi, itasukumwa na upepo, na propela zake zitakuwa zinachota hewa. Waingereza walitaka meli ya kubeba vifaru kutoka Marekani hadi Ulaya kisha ivipandishe ufuoni bila gati, na mahitaji hayo mawili yanapingana. Aliyeyapatanisha ni John C. Niedermair, mchoraji wa meli katika idara ya ujenzi wa meli ya jeshi la majini la Marekani. Mwanzoni mwa Novemba 1941 alikaa na penseli saa chache tu akatoa mchoro wa meli yenye sura mbaya, na mchoro huo, baada ya kurekebishwa hapa na pale, ndio uliojengwa.

Siri yake ni farumi. Wewe unajua farumi ya jahazi, ule uzito wa kukituliza chombo, mawe au mchanga chini kwenye ngama. Ya LST ilikuwa maji ya bahari. Tumbo na mbavu zake zilijaa matangi. Safarini matangi yalijazwa, meli ikazama kiasi cha mita 2 na nusu mbele na zaidi ya mita 4 nyuma, ikatulia majini kama meli nyingine. Ikikaribia ufuo, maji yalisukumwa nje kwa pampu, tangi baada ya tangi, mpaka omo ikanyanyuka.

Hapa ndipo watu wa mashine walipotoka jasho, na wanahistoria hupapita haraka. Kumwaga farumi si kufungua bomba. Tangi likiwa limejaa pomoni, maji hayana pa kwenda. Likiwa tupu, hayapo. Likiwa nusu, meli ikiinama kidogo maji yote hukimbilia upande ule ule na kuizidishia kuinama. Kwa hivyo hufungui matangi yote kwa pamoja. Unamaliza moja moja, la kulia na mwenzake wa kushoto, huku jicho liko kwenye kipimo cha mwinamo na sikio kwenye pampu, maana pampu ikianza kuvuta hewa hubadili sauti. Kazi hiyo huanza mbali na nchi kavu, mara nyingi gizani, na wale waliolala juu ya vifaru vyao hawana habari kwamba uhai wao uko mikononi mwa kijana mwenye spana.

Sasa kutoka. Kinachoitoa meli ni nanga ya tezi. Ikibaki mita mia mbili tatu hivi kufika ufuoni, nanga ya nyuma inaachiwa. Meli inaendelea mbele huku waya mnene ukifunguka kwenye winchi, na mtu wa breki anauzuia usilegee hata kidogo. Ukilegea utanasa kwenye propela, na hapo umekwisha. Omo ikishagusa, mashine zinaendelea kusukuma mbele polepole ili pua isielee, na waya wa nyuma unakazwa ili tezi isisukumwe upande. Mawimbi yakiikamata tezi na kuizungusha, meli italala ubavu sambamba na ufuo, na kuitoa hapo ni kazi ya tagi, meli ya kukokota, na siku kadhaa. Vifaru vikishuka, kama vile 20 vya Sherman vya tani 30 hivi kila kimoja, meli imepungukiwa na mamia ya tani na imeanza kuelea yenyewe. Winchi inavuta waya, mashine zinarudi nyuma, na meli inajiondoa kwa kuivuta nanga yake mwenyewe.

Huo uso uliofunguka ni milango miwili mikubwa inayofunguka kama ya kabati, na nyuma yake kuna rampu inayolala mchangani. Rampu ikisimama ndiyo inayozuia maji yasiingie. Milango kazi yake ni kuipa omo umbo la kukata mawimbi. Feri yako ya Likoni nayo inashusha rampu, ila inaishusha juu ya saruji iliyojengewa, na ikigusa chini kuna mtu ataandikiwa barua. Jambo jingine lisilosimuliwa sana ni moshi. Vifaru vilikuwa vinawashwa ndani kabla milango haijafunguliwa, na moshi wa injini 20 ndani ya chumba cha chuma unaua. Mwaka 1942 Wamarekani walijenga jengo zima huko Fort Knox, Kentucky, mfano wa sitaha ya vifaru ya LST, mbali kabisa na bahari, ili tu wapime feni za kutolea moshi.

Mashine zake zilikuwa mbili za dizeli, nguvu farasi 900 kila moja, na mwendo wake haukuzidi noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Mabaharia wake waliitania kuwa ni shabaha kubwa inayojikokota. Waingereza walikuwa wamejaribu za haraka zaidi, Boxer, Bruiser na Thruster, zilizotengenezwa Belfast, lakini zilizama sana zikawa hazifiki karibu na nchi kavu. Mimi naona Niedermair alichagua sawa. Kwenye ufuo, sentimita 30 za kina zina faida kuliko noti 6 za mwendo.

Nije kwa babu. Baada ya Waingereza kuondolewa Dunkirk mwaka 1940, Winston Churchill alidai meli ya kurudisha vifaru Ulaya. Kwa kuwa hawakuwa na ya kujenga upesi, walichukua meli tatu za mafuta zilizoundwa nyembamba kwa kina ili zivuke fungu la mchanga kwenye mlango wa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Walizikata omo wakatia milango na rampu. Zilikuwa Misoa, Tasajera na Bachaquero. Na Bachaquero ilifika Bukini.

Ilikuwa hivi. Aprili 1942 Wajapani walizipiga Colombo na Trincomalee, na kundi la manowari za Waingereza la Mashariki likahamia hapa Kilindini. Wazee wa Mombasa waliokuwa watoto wakati huo walikumbuka bandari ilivyojaa, na shule ya Allidina Visram ilivyochukuliwa na wanamaji. Mle ndani walikaa wanaovunja maandishi ya siri ya Wajapani. Hofu ilikuwa kwamba Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, wangewaachia Wajapani bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Bukini, na nyambizi zao zingekata njia ya meli inayopita kwetu. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza wakatua. Hawakuingia kwa mlango wa bandari wenye mizinga. Walikwenda upande wa magharibi, kwenye ghuba zilizojaa miamba ambayo Wafaransa waliamini hakuna meli itakayoipita usiku. Wafagia mabomu walitangulia gizani wakiweka maboya yenye taa, na msafara ukapita katikati. Hata hivyo manowari ndogo Auricula iligonga bomu la majini ikazama. Bachaquero ilikuwa ndani ya msafara huo.

Keya walifuata baadaye. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilikuwa na vikosi vya King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Alfajiri ya 10 Septemba 1942 Brigedi ya 29 ya Waingereza ilitua Majunga kwa boti za kutua, mji ukashikwa siku hiyo hiyo, ndipo keya wakashuka na kushika barabara ya Tananarive, mji mkuu, ulioangukia mikononi mwao 23 Septemba. Mapigano kisiwani yalikoma Novemba. Kwa hivyo babu hakusema uongo. Meli yenye mlango usoni ilikuwako Bukini, ila iliwatangulia keya, na huenda kilichomshusha yeye ni boti, au ngazi ya meli ya kawaida. Askari mzee anaposimulia huchanganya alichokiona na alichokisikia kambini, nami simlaumu.

Umesema kwenu kupwelewa ni hasara, na hapo ndipo vita vilipofundisha somo ghali. Tarehe 20 Novemba 1943 Wamarekani walitua kisiwa cha Betio, Tarawa, katika Pasifiki. Kimezungukwa na mwamba wa matumbawe, sawa na wetu. Boti zao za mbao zilizotengenezwa na Andrew Higgins wa New Orleans zilihitaji maji ya mita 1 na zaidi kidogo kupita juu ya mwamba. Siku hiyo yalikuwa maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, na hayakujaa vya kutosha. Ofisa mmoja aliyekuwa ameishi visiwa hivyo aliwaonya wakaamua kubahatisha. Boti zikakwama mwambani, askari wakashuka na kutembea majini mamia ya mita, maji kifuani, mbele ya bunduki za mitambo. Waliofika walikuwa hasa wale waliobebwa na magari ya minyororo yanayoelea majini na kutambaa juu ya mwamba. Kwa siku tatu Wamarekani karibu 1,000 walikufa kwa kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mvuvi yeyote wa Msambweni angewaambia kwamba maji mafu hayapandi mwamba.

Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, walijifunza. Walitua maji yakiwa chini na yanaanza kujaa, ili vyuma vilivyosimikwa na Wajerumani vionekane, na boti zikigusa chini zielee zenyewe baada ya muda mfupi. Siku zilizofuata wakafanya la ajabu zaidi. LST ziliachwa kwa makusudi zipwelewe kabisa: maji yakapwa, meli ikabaki mchangani kavu, magari yakashuka bila kulowa tairi, na maji yalipojaa tena ikaondoka. Maofisa wengi walihofia meli zingevunjika mgongo. Wewe usingehofu, kwa sababu ndivyo mnavyofanya na majahazi pale bandari ya kale mkitaka kuyapaka sifa, mafuta ya papa. Tofauti ni kwamba LST haikuhitaji magogo ya kuiegemeza. Dhoruba ya 19 hadi 22 Juni ilipoivunja bandari ya kuelea ya Wamarekani, meli hizi ziliendelea kushusha mizigo moja kwa moja mchangani, na watu wakashangaa kwa nini walijisumbua na bandari.

Zilikuwa adimu mno. Kutua Normandy kulisogezwa kutoka Mei hadi Juni, sababu moja ikiwa kupata vyombo vya mwezi mmoja zaidi kutoka viwandani. Kutua kusini mwa Ufaransa kulisubiri hadi 15 Agosti 1944 kwa sababu hiyo hiyo. Nyingi zilijengwa na watu wasiowahi kuiona bahari, katika viwanda vya ndani kama Evansville, Indiana, ukingoni mwa mto Ohio, kisha zikateremshwa mtoni hadi New Orleans. Kina kidogo ndicho kilichowezesha hilo.

Nazo zilizama. Usiku wa 28 Aprili 1944, kwenye mazoezi karibu na Slapton, kusini mwa Uingereza, boti za Wajerumani zenye torpido ziliuvamia msafara wa LST, zikazamisha mbili na kuiharibu ya tatu. Wamarekani zaidi ya 700 walikufa, na wengine walizama kwa sababu walifunga maboya ya kujiokolea kiunoni badala ya kwapani, yakawapindua vichwa chini wakiwa na mizigo mgongoni. Zama za leo ni vile vile: Machi 2022 meli ya kutua ya Urusi, Saratov, iliteketea gatini Berdiansk, Ukraine. Meli hizi hubeba baruti, mafuta na watu chini ya paa moja, na huenda polepole. Ukiikuta imesimama, huhitaji ufundi mwingi kuipiga.

Sasa Nyali na Diani. Mwamba unakwenda sambamba na ufuo, na nyuma yake kuna maji ya ndani ambayo bamvua, siku za maji makubwa, ikipwa watu wanayavuka kwa miguu wakitafuta pweza. Hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, na maji mafu hubaki kama mita 1. LST yenye tezi ya mita 3 haiwezi kupita juu ya mwamba. Itabidi iingie kwa mlango, ule mwanya katika mwamba, na milango ni michache, myembamba, na kila mtu anaijua. Ikishaingia, ufuo wenyewe haufuati ule mteremko wa 1 kwa 50. Juu ni mchanga wenye mwinuko mkali, chini ni uwanda mrefu wa majani na vichwa vya matumbawe. Omo itagusa chini mbali na mchanga, rampu itafunguka juu ya maji, na lori la kwanza litazama hadi kioo. Sisili, Julai 1943, walikutana na jambo linalofanana na hilo, mafungu ya mchanga mbele ya ufuo, wakalitatua kwa kubeba madaraja ya pantoni, yanayoelea, ubavuni mwa meli na kuyaunganisha kutoka rampu hadi nchi kavu. Inawezekana, ila ni kazi ya saa nyingi, na adui akiwapo saa hizo hutazipata.

Pwani yetu imewahi kujaribiwa, tena jirani kabisa. Novemba 1914 jeshi la Wahindi la Waingereza chini ya Jenerali Aitken, baada ya yeye mwenyewe kupitia hapa Mombasa kupanga, lilitua Tanga, iliyokuwa ya Wajerumani, kwa matishari, mashua bapa za mizigo, yaliyokokotwa hadi Ras Kasone. Watu walikuwa wametapika baharini majuma kadhaa, na siku ilikuwa imepotezwa kuhofia mabomu bandarini. Walikuwa kama 8,000 dhidi ya askari wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Walirudi melini wameacha mamia ya bunduki, na majeruhi wakaletwa Mombasa. Matishari hayana rampu. Ukishuka chini ya risasi unaruka ubavuni, na kuirudia meli ni lazima uikwee. Jeshi letu lilipotua karibu na Kismayo usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012, lilikuwa na faida ya vyombo vinavyofunguka mbele, na Galana na Tana za jeshi la majini pale Mtongwe ni za ukoo huo huo: bapa, fupi kuliko LST, na rampu omoni.

Kwa hivyo jibu la Diani ni ndiyo kwa chombo kidogo chenye rubani wa hapa, na hapana kwa LST bila daraja la pantoni. Majira ya kusi usijaribu kabisa, wimbi litaizungusha tezi hata nanga ikishika. Ningepewa mimi kuchagua, ningetaka kaskazi imetulia, maji yanajaa, na siku tatu kabla ya kilele cha bamvua. Ukipanda siku ya kilele chenyewe na meli ikagoma kutoka, maji ya kesho hayafiki ulipo, na utaingoja bamvua nyingine majuma mawili. Ukipanda siku tatu kabla, kila siku inayofuata inakuletea maji mengi zaidi ya kukuinua.